Madirisha ya Darasa Letu

Jumamosi, mwezi wa Juni ukielekea mwisho. Alfajiri kulikuwa na manyunyu, kisha upepo wa kusi ukayafagia mawingu, na hadi nafika Sabaki jua lilikuwa limekaza. Njia ilikuwa kavu juu, chini matope.

Leo nimesema mbele ya watu. Wazee wa Sabaki wanataka kuanza darasa lao la kusoma, na mwalimu wetu wa Kakuyuni aliniomba niende nikawape ushuhuda wa yaliyonipata. Nilimwambia atafute mwingine. Mimi shule niliiacha darasa la tatu nikiwa mtoto, herufi zote zikanitoka, nikarudi na mvi. Akasema, ndiyo sababu. Basi naandika hapa nilivyosema, kadiri ninavyokumbuka, ili siku nyingine nisome tena nione kama kuna niliyemwonea. Tulikaa kwenye banda la kupimia samaki, mizani wameifunika gunia. Majina ya watu sikuyataja kule, na hapa sitayataja.

Nilisema hivi.

Shikamooni wakubwa zangu. Wadogo zangu, hamjambo. Waislamu nawatakia amani, Wakristo wenzangu nawatakia amani hiyo hiyo, na wale wanaoshika ya mababu, amani yenu pia ipo. Nikisema polepole mnivumilie. Nikisahau nitanyamaza kidogo, msidhani nimemaliza.

Mnakiona kichwa changu, ni cheupe. Huko kwetu bara ya Malindi, mtu akiota mvi wako wanaoanza kumtazama vingine. Mtoto akiugua, ng'ombe akifa, mahindi yakikauka, wanauliza nani hapa ana mvi. Wazee wamefukuzwa makwao, na wengine wameuawa. Nyinyi mnajua, wala simwambii mtu jipya. Kwa hiyo tunapaka piko, nywele zirudi nyeusi. Mimi nilianza kupaka mume wangu alipokufa. Nikiona weupe kwenye mzizi tu, nachanganya piko nyuma ya jikoni, najifunga leso, nangoja likauke. Nilikuwa bibi mwenye nywele nyeusi kama msichana, na kila mtu kijijini alijua, na kila mtu alinyamaza.

Sasa habari za darasa zilikuja hivi. Serikali ilikuwa na mpango kwamba wazee nao wasome, na mpango ufike mpaka vijijini. Mpango ni mzuri. Nasema hivyo kwanza, ili nisionekane naulaumu. Lakini namna ulivyotufikia ni habari nyingine. Karatasi ilibandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya naibu wa chifu, ikiwaita wasiojua kusoma.

Mwacheka. Sisi hatukucheka, maana hatukujua inasema nini.

Kisha ikapita pikipiki yenye kipaza sauti. Ilikwenda mbio, nasi tukasikia vipande vipande: wazee wote, wake kwa waume, wanatakiwa shule ya chekechea Jumatatu, bila kukosa. Wanatakiwa na nani, na kwa nini, haikusema, au ilisema ikiwa imeshapita. Bibi mmoja wa rika langu alifunga leso zake akaenda kulala kwa mwanawe siku hiyo hiyo. Alidhani tunakusanywa.

Tulikwenda wachache, tena kwa hofu. Tukamkuta mwalimu, msichana wa Malindi mjini. Alituamkia mmoja mmoja, kisha akasema, "Mimi sikuja kuwafundisha adabu, adabu mnayo. Nimekuja na herufi tu." Nikampenda hapo hapo.

Jambo la madirisha tulilitaka sisi wenyewe. Hili nataka lieleweke, kwa sababu baadaye mwalimu alilaumiwa kwa jambo ambalo si lake. Chumba kile kiko kando ya njia ya kwendea maji. Siku ya kwanza, mjukuu wa mzee mmoja alipita akachungulia, akamwona babu yake amekaa kwenye kiti cha chekechea, magoti yamefika kidevuni, anafuata herufi kwa kidole. Akaenda kumtangaza mtaa mzima. Mzee yule, ndiye tuliyekaa naye dawati moja, hakuja tena wiki ile. Alipokuja alisimama mlangoni akasema, "Mimi kusoma nitasoma, lakini si kwenye sinema." Sote tukakubali. Madirisha yalikuwa ya mbao, tukayafunga, na mlango tukaurudisha. Mwalimu akasema, "Wazazi wangu, joto." Tukamwambia joto tumelizoea, kuchekwa hatujazoea.

Ndani kulikuwa kuzuri, ndugu zangu. Sijui kuwaelezea. Mtu uliyemjua miaka yote kwa kuchunga mbuzi unamwona anatokwa na jasho kwa sababu ya herufi moja, na wewe unatokwa na jasho vilevile, halafu mnasameheana. Mzee wa dawati langu alikuwa akinichokoza. Ananiambia, "Dada, hiyo m yako ina miguu mingi kama jongoo." Namwambia, "Na hiyo a yako imelewa." Nilikuwa sijacheka hivyo tangu kufiwa.

Lakini sasa kaeni nje ya chumba kile, mtazame. Wazee, wengi wao wajane, wanaingia alasiri. Wanafunga madirisha. Wanafunga mlango. Ndani inasikika sauti moja inasema kitu, na sauti nyingi zinaitikia kwa pamoja. Sisi tulikuwa tunafuatisha ba, be, bi. Aliye nje atajuaje? Hakuna aliyemwambia. Vijana hawakuambiwa. Akina mama wenye watoto wadogo hawakuambiwa. Tangazo lilituita sisi, likawasahau wanaoishi nasi.

Kuna mtoto wa jirani yangu, msichana mdogo. Ananiita hawe, ndivyo tunavyomwita bibi kwa Kigiriama. Kila nikitoka darasani nilimkuta ananingoja kwenye ua wa minyaa, tunakwenda pamoja hadi kwangu, nampa kilichokuwapo. Kipande cha papai, au mhogo wa kuchoma. Siku moja nilimpa mhogo na nazi. Akala, akaenda kwao. Kufika magharibi homa ilikuwa imempanda, na homa ikaleta degedege.

Mama yake alimkimbiza hospitali kwa pikipiki. Nampa heshima yake: hakwenda kwanza kwa mganga, alikwenda hospitali. Wakati anangoja pale nje watu wakamuuliza mtoto alikula nini. Akasema, "Alikula mhogo kwa yule mama wa darasani." Hakusema zaidi ya hapo. Nimemuuliza mwenyewe baadaye, na ninamwamini. Wengine ndio walioongeza.

Mzee wa dawati langu alikuja kunionya. Hakuketi. "Dada," akasema, "wanasema sisi mle ndani tunagawana watoto wa watu."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Walikuja saa nne asubuhi, kweupe. Vijana. Baadhi yao nimewajua tangu wakinyonya. Mtoto wa shemeji yangu alikuwa nyuma yao. Sikumwona ameshika kitu. Sikumwona pia anawazuia. Wako waliosema habari yote ilikuwa shamba, kwamba nikiondoka shamba linabaki. Mimi sijui. Moyo wa mtu sikuuona, siwezi kuuapia.

Mmoja wao aliniuliza, na aliniuliza kwa adabu, "Mama, darasani mwafanyani?"

Nikasema, "Twasoma."

"Mwasoma mmefunga madirisha?"

Hapo, ndugu zangu, nilikosa jibu. Jibu lilikuwa fupi. Ningesema, tunaona haya. Lakini haya yenyewe ikanishika mdomo. Kuwaambia vijana wale kwamba bibi yao hajui kusoma na anajificha asionekane hajui, nilishindwa. Nikanyamaza, na kunyamaza kwangu wakakuchukua kuwa jibu. Mwingine akanivuta leso ya kichwa. Akazipasua nywele zangu kwa vidole, kama mtu atafutaye chawa, mpaka akaufikia mzizi, pale piko lilipokuwa limeishia. "Si hizi?" akawaambia wenzake. "Amejificha."

Wakalitia moto jiko langu, nalo lilikuwa la makuti. Mnajua makuti yanavyowaka, hata kupiga kelele sikuwahi. Kuna mama aliyekuwa akipita na ndoo ya maji, akaimwaga yote juu ya paa la nyumba kubwa ili moto usirukie. Sijui kama aliniokoa mimi au aliiokoa nyumba yake iliyo karibu. Vyovyote, nyumba yangu ilibaki kwa sababu yake. Vijana wakaniambia niondoke, na wakinikuta hawataanza na jiko. Nikaondoka na leso mbili.

Nikaja hapa kwenu Sabaki, kwa binti yangu.

Mkwe wangu, nakuona umesimama kule nyuma ya nguzo. Hata leo hukai mbele yangu. Kwetu mama mkwe na mkwe hawakutani mlangoni, hawali sehemu moja, hawatazamani hovyo. Ni heshima, na si heshima ndogo. Sasa mnitazame mimi, naingia kwenye nyumba ya vyumba viwili ya mkwe wangu, sina pa kurudi. Kijana huyu alitoboa ukuta wake nyuma akaweka mlango mwingine, ili tusikutane kizingitini. Akirudi kutoka baharini anakohoa tokea mbali, niweze kujiondoa uani. Hakuwahi kuniuliza nitakaa mpaka lini. Lakini mimi kila nikikisikia kikohozi kile nilijua namsumbua mtu kwake. Binti yangu akinipa chakula nilikila nimeugeukia ukuta.

Piko liliniishia. Sikutafuta jingine. Mvi zikashuka kidogo kidogo, nyeupe karibu na ngozi, nyeusi kwenye ncha.

Nilifikiri nitafia huku, na sikutaka. Msinielewe vibaya, Sabaki ni kuzuri. Lakini nyumbani kuna kaburi la mume wangu na minazi niliyoipanda kwa mkono wangu. Nilikuwa nataka jambo moja tu, kurudi kwangu nikae na watu. Nipite njiani niamkiwe. Nikimpa mtoto wa mtu mhogo, mama yake aseme asante.

Siku moja mzee wa dawati langu akanipigia simu. Akasema, "Mtoto amepona, dada. Anakimbia."

Nikamshukuru Mungu. Nikamwambia, "Basi nirudi."

Akasema, "Wanasema amepona kwa sababu wewe umeondoka."

Mwaona wenyewe. Mtoto angekufa, ni mimi. Amepona, ni mimi. Na darasa lilikuwa limefungwa. Bibi aliyekuwa akikaa mbele yetu, ndiye aliyekuwa hodari kutushinda sote, mwanawe alimchukua kwenda Mombasa, na mpaka leo hajarudi.

Baada ya hapo simu ikaja tena. "Kuna baraza sokoni. Mkubwa wa elimu anakuja kutoka Malindi. Njoo."

"Siji."

"Usipokuja watakusemea."

"Na wakinimaliza pale pale?"

"Nitakuwa karibu nawe," akasema. Kisha, kwa kuwa ni yeye, akaongeza, "Mimi nina mguu mbovu, sitaweza kukimbia hata nikitaka."

Mkwe wangu alikuwa upande wa pili wa ukuta. Hakusema na mimi, alimwambia mkewe, "Mwambie mama nitamfikisha." Na alinifikisha. Garini alikaa mbele, mimi nyuma. Tuliposhuka alitangulia njiani. Hakunikaribia wala hakuniacha. Nikipumzika, anasimama kule mbele amenipa mgongo, mpaka nianze tena.

Sokoni watu walikuwa wamejaa. Nilipita katikati yao na nywele zangu za rangi mbili. Nilimwamkia mama mmoja, akatazama chini. Nilikaa kwenye benchi la wazee wenzangu wa darasa, na benchi lile peke yake ndilo lililobaki na nafasi pembeni yake.

Mkubwa alisema. Alisema juu ya sera, na haki, na kushirikisha jamii, na elimu isiyo na mwisho. Nataka niwe wa haki kwake: yale aliyoyasema yalikuwa mazuri, na leo nayaelewa. Siku ile sikuyaelewa. Nilitazama nyuso za watu nikaona hawakuyaelewa hata wao. Waliyasikiliza kama mtu anavyosikiliza mvua ya kijiji cha pili.

Alipomaliza, akasimama mama wa yule mtoto. Amembeba mtoto mgongoni, ingawa mtoto ameshapita umri wa kubebwa. Mimi nilimtazama mtoto kwanza. Alikuwa mzima kweli.

"Mimi sijui sera," alisema. "Mimi nataka kujua jambo moja. Mle ndani mlikuwa mwafanyani, hata mkafunga madirisha?"

Swali lile lile. Na benchi letu lote likanyamaza, kama nilivyonyamaza mimi mbele ya jiko langu. Nikaona linakwenda kutokea mara ya pili. Nikamgusa mzee wa dawati langu kwa kiwiko. Sijui nilimgusa ili aseme au ili tuondoke. Akasimama na mguu wake.

"Tulikuwa tunaona haya," akasema. "Hatujui kusoma. Na hatukutaka mjue tusivyojua."

Sauti ikatoka nyuma: "Uongo huo. Watuonyeshe."

Mwalimu akaenda mbio chekechea na watu wawili, wakauleta ubao, wakauegemeza kwenye meza ya muuza nyanya. Akaandika sentensi moja. Kisha akageuka atafute wa kusoma, na kabla hajafungua mdomo watu wakanyoosha vidole. "Huyo. Huyo mwenye mvi."

Nilisimama. Niliweka kidole chini ya herufi ya kwanza, maana bila kidole nilikuwa siwezi. Nikasoma. "Ma. Ma. Mama." Nikapumua. "A. Na. Pi. Ka." Nikarudia, nikaunganisha, "Anapika." Halafu nikafika kwenye neno la tatu na likagoma. Neno dogo tu. "Wa," nikasema. "Wa... wa..." Jasho likaniingia machoni. Nililijua neno lile, nimelisema maisha yangu yote, lakini pale ubaoni lilinitazama kama mgeni. "Wa..."

Mama mmoja muuza mihogo akasema kule nyuma, "Moto umemzimikia huyo."

Mwingine akadakia, "Leo tutalala na njaa."

Wakacheka.

Ndugu zangu, nawaambia ukweli, kicheko kile kiliniuma. Kile ndicho tulichokikimbia tangu mwanzo. Tulifunga madirisha kwa ajili yake, tukakaa kwenye joto kwa ajili yake, na jiko langu liliungua kwa ajili yake. Na sasa kimenikuta sokoni, mbele ya watu wote, kidole changu kiko ubaoni na nywele zangu rangi mbili. Nilitaka ardhi inimeze.

Kisha nikawatazama. Nikamwona kijana aliyenivuta leso, ameegemea bega la mwenzake, anacheka mpaka machozi. Nikamwona mtoto wa shemeji yangu anacheka chini chini, mkono mdomoni. Na nikaelewa kitu, sijui kama nitakisema vizuri. Nyuso zile zilikuwa zimebadilika. Walivyokuja nyumbani kwangu walikuwa na silaha, lakini walikuwa wananiogopa. Sasa hawaniogopi. Mtu anayekwama kwenye neno dogo namna ile, nani atasema amekaa gizani akijifunza kuua watu? Sikuwa nimeshinda chochote. Nilikuwa nimeshindwa mbele yao, basi, na kushindwa kule ndiko kulikowatuliza.

Mama wa mtoto hakucheka. Alikuja mpaka ubaoni na mtoto wake mgongoni, akasimama kando yangu, akaweka kidole chake karibu na changu.

"Wali," akasema polepole.

Nikasema, "Wali."

"Wa nazi."

"Wa nazi."

Akalitazama darasa letu lote pale benchini, viatu vyetu, mikongojo yetu. "Kumbe mlikuwa mwafanya hivi tu," akasema.

"Ni hivi tu, mwanangu."

Pale ndipo upepo ulipogeuka. Sisemi siku ile mambo yalikwisha. Wako walioondoka sokoni na mawazo waliyokuja nayo. Lakini yule mkubwa wa Malindi, nampa sifa yake, aliikunja karatasi yake akaacha kusoma. Akawauliza watu, si sisi wazee tu, watu wote: mnataka darasa hili liwe vipi? Akina mama wakasema liwe asubuhi. Vijana wakasema madirisha yafunguliwe. Mzee wa dawati langu akasema kuyafungua hakutoshi, yang'olewe. Na alikwenda akayang'oa mwenyewe, akazichukua zile mbao, akajengea banda la kuku. Kuku wake sasa wanajifungia kama tulivyokuwa tunajifungia sisi.

Kisha tukatembea. Wawili wawili, nyumba kwa nyumba, asubuhi. Hatukutumia pikipiki wala karatasi. Tulikaa na watu tukawaeleza kwa Kigiriama, na kwa Waswahili walioko sokoni tukawaeleza kwa Kiswahili: tunasoma, tunasoma hivi, njooni mtazame, mcheke mkitaka. Kuna nyumba tulizofungiwa mlango. Tulirudi. Kuna mbili tatu mpaka leo hatujafunguliwa.

Siku nilipokuwa nasafisha majivu ya jiko, alikuja kijana mmoja na makuti begani. Alikuwamo siku ile. Hakusema pole, na mimi sikumdai. Alipanda akafunga makuti kutwa nzima. Nilimpelekea maji akanywa. Nilimpelekea chakula, akasema ameshiba.

Hilo ndilo lililobaki, na sitaki kuwaficha, maana ushuhuda wenye taka zilizofagiwa chini ya mkeka haufai. Naishi kwangu. Naamkiwa njiani. Nasoma, polepole, bila kidole siku nyingine. Lakini chakula changu bado watu wanakiogopa. Yule mtoto anakuja kwangu na daftari lake la shule, tunasoma pamoja, ananisahihisha. Nikimpa kitu ananiambia, "Mama amesema nimeshiba." Simlaumu mama yake. Alimwona mtoto anatetemeka mikononi mwake. Mimi ningekuwa yeye, sijui ningefanya nini.

Namshukuru mwalimu, aliyebeba lawama yetu na hakuitupa. Namshukuru mzee wa dawati langu na mguu wake. Namshukuru mama wa ndoo. Namshukuru mama wa mtoto kwa kidole chake. Na wewe mkwe wangu nyuma ya nguzo, sitakutazama, lakini umesikia.

Kama kuna la kuwaachia, ni hili. Mnapoanza darasa lenu, msianze na wazee. Anzeni na wanaoishi na wazee. Nendeni kwa vijana na akina mama, mchana, kwa lugha wanayoizungumza jikoni, muwaambie kabla ya tangazo lolote. Na msione haya kuonekana hamjui. Nasema hivyo, na najua ni rahisi kusema sasa. Wala siwaambii muache piko. Kila mmoja anajua jirani zake. Mimi nimeliacha, lakini niliacha baada ya kuonekana. Mwenyezi Mungu awalinde. Nimemaliza, hiki si kile kimya cha kusahau.

Ndivyo nilivyosema, au karibu na hivyo. Walinipigia makofi, mzee mmoja akauliza kama viti vitakuwa vikubwa, nikasema hilo sijui. Nimesoma tena niliyoyaandika. Nadhani mtoto wa shemeji yangu nimemsema zaidi ya ninavyojua, lakini nimeacha hivyo, kwa sababu ndivyo nilivyotamka.

Mkwe wangu alimpa binti yangu ng'onda wawili, samaki wa kukaushwa, ndani ya gazeti aniletee. Nimefika Kakuyuni jua likiwa bado lipo. Nimechuma mboga ya mchunga nyuma ya nyumba, nimekuna nazi, nimesonga sima. Mtoto wa jirani akaja na daftari lake, akakaa kwenye kizingiti cha jiko. Sikumkaribisha, nisimtie kwenye kishawishi. Nilipakua sahani yangu nikaiweka chini.

Akaitazama. Kisha akasema, "Hawe, leo sijashiba."

Nikamsogezea. Amekula tonge la kwanza, la pili, ndipo mama yake akaita kutoka upande wa pili wa minyaa, "We, wafanya nini huko?"

"Nala kwa hawe."

Mimi niliuacha mkono wangu hewani, na tonge ndani yake. Nilisikia kuku, nilisikia mtu anaburuta ndoo.

"Basi maliza," mama yake akasema. "Na sahani ya watu uioshe."

Jioni ya leo tumekula sima, mchunga wa nazi na ng'onda wa Sabaki. Miiba nilimtolea mimi.